Tupeane uzoefu: ulipoingia siasa ukiwa kijana, dini ilikubeba au ilikuponza?

Habari za muda huu wadau. Nimeona vijana wengi wanatia nia siku hizi nikakumbuka yangu ya 2014, nayamwaga hapa na nyie mwage ya kwenu.

Mimi baba Muislamu wa Kondoa, mama Mlutheri wa Moshi, naitwa Idrisa lakini nimelelewa na bibi mzaa mama kwahiyo Jumapili niko kwaya, bezi. Nina miaka 24 nikagombea ujumbe wa serikali ya mtaa huku Morogoro. Unajua serikali haitaki kabisa kukuuliza dini, hata sensa iliuliza mara ya mwisho 1967, lakini mtaani wana namna zao. Utasikia "Idrisa, mwaka huu futari unafuturisha wapi?" Nami nacheka tu. Mzee mmoja akaniita pembeni akaniambia mwanangu wewe usihangaike, sisi tumeshakaa, wa kwetu ni wewe. Sikumkatalia, na hapo ndo nilikosea maana wiki mbili kabla ya uchaguzi wakaniona na joho la kwaya natoka ibadani. Upande huu nikaitwa murtadi, upande ule wanasema huyu jina lake tu linatosha. Uchaguzi wenyewe ulikuwa Jumapili 14 Desemba, nilipigwa kwa kura 9. Haya karibuni.

Mtoto wa Boom
Pole kaka. Mimi kwangu ilinibeba na bado iliniuma. Mwaka wa pili chuo, nimeandika karatasi nzima ya hoja za boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, kuchelewa, wenyewe wanaogombea urais wa wanafunzi wakanifuata niwe mgombea mwenza. Nikajua ni zile hoja, kumbe mgombea Mkristo wa kiume wanatafuta hijabu ya kuweka kwenye bango! Katiba ya nchi inasema Rais akitoka upande mmoja wa Muungano makamu atoke upande wa pili, basi, hiyo ya dini haijaandikwa popote ila kila mtu anaihesabu kuanzia ikulu mpaka bwenini. Kampeni nzima napewa maiki niseme Asalaam aleikum, watu wakiitikia naambiwa asante dada, kaa. Tulishinda. Karatasi yangu ya boom aliisoma yeye.

Mfipa Halisi
Nyie mnasumbuliwa na dini mbili? Kwetu Sumbawanga karibu wote tunasali kanisa moja na bado wajumbe wa chama waliniuliza natoka parokia ipi. Wajumbe sio watu wazuri.

Kisauni Kwetu
Salamu kutoka Mombasa. Mie Mtaita, Mkristo, nimezaliwa na kukulia Kisauni, marafiki zangu wote ni Waislamu. Kura yangu ya kwanza ilikuwa ya katiba, 4 Agosti 2010. Kijani ni Ndiyo, nyekundu ni La. Kanisani kwetu miezi mitatu mahubiri ni mahakama za kadhi, kwamba tukipitisha tumekwisha, na mamangu akaniambia wazi usiniaibishe. Sasa babu ya rafiki yangu barazani akaniuliza swali moja tu, wewe umri wako wote kadhi ashakuita? Ndipo nikajua hizo mahakama zimo tangu katiba ya uhuru ya 1963 na kazi yake ni ndoa, talaka na mirathi za Waislamu wenyewe. Nikapiga kijani. Mama aliona wino kidoleni akauliza rangi gani nikamwambia kura ni siri mama, hakunipikia siku mbili. Lakini niwe mkweli, na upande wa pili kuna marafiki waliopiga kijani kwa sababu ya kadhi tu, hawakusoma hata ukurasa wa kaunti.

Kisu Butu
Kanda ya ziwa hapa, nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji kijana kuliko wote kwenye kata. Mwanzoni mwa 2013 ule mgogoro wa nani achinje nyama ya watu wote, Muislamu au Mkristo, kule Buseresere Geita mpaka mchungaji aliuawa. Mimi Mkristo, naitisha mkutano wa kisima, watu wanajaa, nafurahi, kumbe wamekuja kuongelea kisu. Masaa manne! Baadae nikaoa, ng'ombe wa harusi nikamwita jirani Muislamu achinje ili wote tule, nusu ya kanisa langu wakanywa soda wakaondoka. Kisima kilichimbwa nikiwa nimeshatoka madarakani.

Mtoto wa Boom
Hao wa soda walikupigia tena?

Kisu Butu
Dada, sikugombea tena. Nauza mbao.

Mfipa Halisi
Mleta mada, zile kura 9 ulishajua zilipotelea upande gani, msikitini au kanisani?

Mleta mada
Nilizitafuta sana kaka. Kwaya yetu ilikuwa na watu 31, wote waliniahidi, na siku hiyo walikuja kweli wametoka ibadani na nguo zao nzuri, wameshika vile vitambulisho vya mpiga kura. Daftari la mtaa ni lingine, unajiandikisha upya palepale mtaani. Waliojiandikisha walikuwa wanne.