Mtoto mwenye jinsia tata na msimu wa jando na unyago: apelekwe wapi, na nani aamue?

Mtoa mada, Mtwara Mikindani

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, naomba tujadili jambo ambalo kwetu huzungumzwa kwa kunong'ona, na kwa sababu hiyo anayeumia hupata watazamaji wengi na watetezi wachache. Wapo watoto wanaozaliwa na maumbile ambayo mkunga hawezi kusema kwa uhakika kwamba ni ya kiume au ya kike, na wapo wengine ambao tofauti yao hujificha hadi wanapobalehe, binti asipopata hedhi au sauti yake inapoanza kuwa nzito. Umoja wa Mataifa hutaja makadirio ya kati ya asilimia 0.05 na 1.7 ya wote wanaozaliwa, kutegemea ni maumbile gani yanayohesabiwa. Swali langu ni hili: msimu wa kucheza wali, yaani wa kuwafunda watoto jandoni na unyagoni, ukifika, mtoto huyo apelekwe jando, apelekwe unyago, au aachwe nyumbani? Na sisi majirani, walimu, mashangazi na makungwi tunaosema tunampenda, tufanye nini ili mapenzi hayo yamfae?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Anayetaka kumsaidia mtoto huyu lazima kwanza avumilie kutojua. Avumilie kuishi na mtoto ambaye mwili wake bado haujatoa jibu, bila kulitafuta jibu hilo kwa kisu wala kwa kumvua nguo mbele za watu. Madhara makubwa ninayoyafahamu hayakutokana na chuki. Yalitokana na haraka ya watu wazima waliotaka mambo yawe yamekwisha kabla ya wageni kufika.

Nianze na jando, kwa kuwa huko kisu kipo. Miongoni mwa maumbile yanayojulikana sana ni lile ambalo tundu la mkojo halipo kwenye ncha ya uume bali upande wa chini, wakati mwingine karibu kabisa na mfuko wa korodani. Mtoto wa namna hiyo hatakiwi kutahiriwa kabla hajaonwa na daktari wa upasuaji wa watoto, kwa sababu ngozi ya govi mara nyingi ndiyo inayotumika kutengeneza njia ya mkojo endapo upasuaji utahitajika baadaye. Ngariba akishaikata, daktari anabaki kama fundi cherehani aliyeletewa nguo ya kushona bila kitambaa. Sisemi kwamba ngariba amekusudia ubaya, kwani yeye aliletewa mvulana akafanya kazi aliyoitiwa. Wenye wajibu wa kusema ni wazazi, na wazazi wengi hunyamaza kwa sababu wanajua kwamba wakimwambia mmoja, kumbi zima, yaani kambi yote ya mafunzo, litajua, na kumbi zima ndilo kijiji kizima.

Upande wa unyago mambo hayana damu lakini hayana huruma zaidi. Namfahamu binti mmoja, sasa ni mtu mzima, aliyerudishwa kwao siku ya pili tu baada ya kungwi kumwangalia. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Aliletwa amefunikwa kanga hadi usoni, wanawake wawili wamemshika mikono, na pale uani, mbele ya waliokuwa wakitwanga, mama yake akaambiwa, "Huyu wenu si wetu." Mchi mmoja ulisimama, kisha na wa pili. Kabla ya magharibi watoto wa mtaa walikuwa wamekwisha kumtungia jina, na jina hilo ndilo lililomtoa shuleni. Kwa maoni yangu kosa halikuwa kwamba kungwi aliona alichokiona. Kosa ni kwamba alikisema uani.

Naomba pia nisieleweke kwamba kila jambo lingoje. Kuna hali inayotokana na tezi zilizo juu ya figo kushindwa kutengeneza homoni inavyotakiwa, ambapo mtoto wa kike huweza kuzaliwa akionekana kama wa kiume, na katika wiki za mwanzo mwili wake ukapoteza chumvi, akatapika, akalegea na hata kufariki. Huyo anahitaji dawa ya homoni upesi sana. Kwa hiyo kichanga anayeonekana wa kiume lakini korodani hazipapasiki apelekwe hospitali bila kuchelewa, iwe Ligula, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na ikibidi Muhimbili. Tiba ya kuokoa maisha haina mjadala. Ninachokipinga ni upasuaji wa kutengeneza sehemu za siri kwa lengo moja tu la mtoto kufanana na wenzake, unaofanywa kabla hajaweza kusema yeye ni nani, na ambao hauwezi kurudishwa nyuma.

Malta ilipiga marufuku upasuaji wa aina hiyo mwaka 2015. Majirani zetu Kenya waliwahesabu watu hawa katika sensa ya mwaka 2019 na kupata 1,524, kisha wakawataja watoto hao katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, ilipitisha azimio la kuwalinda mwaka 2023. Kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haiwataji kwa jina, lakini kifungu chake cha 13 kinakataza mila yoyote inayomdhalilisha mtoto au kumdhuru mwili na akili, na Katiba yetu, ibara ya 12, inasema kwamba kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Nakaribisha michango, hasa ya wanaonipinga.

Mchangiaji, Newala

Mwanangu mtoa mada, shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuiandika. Mimi ni mtu wa kumbi, na nina jambo la kukurekebisha. Umeandika kana kwamba jando na unyago ni mahali pa kukagua miili. Kukagua ni kitu kidogo. Pale mtu anafundwa namna ya kuwasalimu wakubwa, namna ya kukaa na mgonjwa, namna ya kuzika. Asiyechezwa kwetu hubaki mtoto hata akiota mvi. Kwenye msiba hataitwa ndani, kwenye kikao cha ukoo hatasikilizwa, na wenzake wakizungumza kwa mafumbo yeye atakaa kama mgeni. Kwa hiyo ukisema aachwe nyumbani kwa usalama wake, umemfukuza kwa upole, lakini umemfukuza.

Na hilo la binti aliyerudishwa limeniuma kuliko unavyodhani, kwa sababu limevunja sheria ya kumbi lenyewe. Ya kumbini hayatoki. Nyimbo zetu tumezitunza vizazi na vizazi asizisikie asiyechezwa, sasa iweje siri ya mwili wa mtoto itupwe uani mbele ya watwangaji? Kungwi aliyefanya hivyo alistahili kuitwa na nyakanga, mkuu wa kumbi, ajieleze. Hata hivyo nakuuliza: watoto wetu wengine huingia wakiwa na miaka saba au minane. Unasema mtoto aachwe mpaka aseme mwenyewe. Mtoto wa miaka saba ataamua nini?

Mchangiaji, Nachingwea

Naomba kuchangia kwa ufupi kama mkunga. Swali la kwanza linaloulizwa mlangoni mwa wodi ya wazazi ni "Amejifungua nani?", na anayeuliza mara nyingi ni mama mkwe mwenye kanga mkononi, ambaye nyuma yake kuna simu za ukoo mzima zinazosubiri jibu. Nimejizoeza kusema, "Mama na mtoto wako salama, daktari anaendelea kumwangalia mtoto," kisha mengine namweleza mama peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Kinachonihuzunisha ni sisi wenyewe watumishi, pale anapozaliwa mtoto wa namna hii na kila aliye zamu akaitwa aje kuona, wengine wakiwa hawana kazi yoyote naye. Baada ya hapo inakuja fomu. Usajili wa watoto chini ya miaka mitano umesogezwa hadi kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, ni bure, na ni jambo jema sana, ila nafasi ya jinsi ina majibu mawili tu, na kalamu iko mkononi mwa mtu mwenye foleni. Ningependa turuhusiwe kungoja majibu ya vipimo kabla ya kuandika.

Mchangiaji, Lindi mjini

Assalaam alaykum. Mimi nafundisha madrasa, na nawakumbusha wanaodhani kwamba suala hili limeletwa na wageni kwamba wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafii walimjua huntha, yaani mtu mwenye jinsia tata, karne nyingi kabla ya hospitali hizi. Walieleza namna ya kumtambua kwa njia anayotolea mkojo na kwa dalili za kubalehe, na yule ambaye dalili zake hazikupambanuka hawakumtupa nje ya msikiti. Walimpangia safu yake baina ya wanaume na wanawake, na wakaeleza hukumu ya mirathi yake, kwamba apewe kile ambacho ni cha yakini na kinachobaki kizuiwe mpaka hali yake ibainike. Angalieni vizuri: kungoja kumo ndani ya fikihi yenyewe. Kwa hiyo hoja ya mtoa mada kuhusu subira naiunga mkono.

Lakini nataka aseme wazi. Je, mlango huu anaufungua kwa huntha peke yake, au anakusudia pia kuwaingiza wale wenye maumbile kamili wanaosema wao si jinsi waliyozaliwa nayo? Kama ni hivyo, mimi siko naye.

Mtoa mada, Mtwara Mikindani

Shikamoo mzee wangu wa Newala, na nakuomba radhi kwa kutoanza nayo. Wa alaykum salaam ustadhi.

Ustadhi, nakujibu bila kuzunguka. Mambo hayo mawili si kitu kimoja, na kuyachanganya kunawaumiza wote. Mtoto mwenye jinsia tata amezaliwa na mwili wenye tofauti, na wengi wao hukua wakiishi kama wanaume au wanawake wa kawaida ambao hawataki chochote zaidi ya kuachwa wamalize shule. Mtu transijenda ni yule ambaye anavyojitambua hakulingani na alivyoandikiwa alipozaliwa, hata kama mwili wake hauna utata. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, liliiondoa hali hiyo kwenye fungu la magonjwa ya akili. Nawe unajua kuliko mimi kwamba Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alimtenganisha mwanamume aliyeumbwa na mwenendo wa kike na yule anayejifanya kwa makusudi, akasema wa kwanza hana lawama wala dhambi. Sisemi kwamba Nawawi aliandika juu ya watu transijenda wa leo. Nasema kwamba alikubali kuwa anachokiona mtu kwa nje hakimwambii kila kitu kuhusu alivyoumbwa mwenzake.

Kwa hiyo ndiyo, nawakusudia na wao, katika yale ambayo jirani anamdai jirani. Sikutaki ubadilishe fatwa yako. Nataka mtu huyo akiugua kifua kikuu aende kliniki bila kuchekwa kwenye benchi, maana anayechekwa harudi kumalizia dozi. Nataka picha yake isirushwe kwenye makundi ya simu. Nataka asiulizwe habari za mwili wake na watu ambao wao wenyewe wasingekubali kuulizwa, aitwe kwa jina analojitambulisha nalo, na akipigwa stendi apatikane mtu wa kuongozana naye kuchukua fomu ya polisi. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho watu hukitaja haraka sana, kinahusu tendo la kujamiiana kinyume cha maumbile. Hakimpi mtu yeyote ruhusa ya kumpiga mwenzake kwa sababu ya mwendo wake au nguo zake. Najua kwamba kwa wengi wenu hapa ndipo nilipopita mpaka, na sitarudi nyuma.

Mama mkunga, nakubaliana nawe kuhusu fomu, na kwa hilo la watumishi kuitana kutazama nadhani wauguzi wakuu wa wilaya wanaweza kulikomesha kesho asubuhi bila kungoja sheria mpya.

Mzee wangu, umenibadilisha katika jambo moja, nami nalisema hadharani: kumwacha mtoto nyumbani si jibu. Nilikuwa nimeufikiria usalama wa mwili wake nikasahau kwamba atahitaji kuzika wazazi wake akiwa na nafasi mbele ya watu. Basi naona hivi. Kutahiri na kufunda ni mambo mawili, na siku hizi wavulana wengi tayari hutahiriwa hospitali kisha wakaenda kumbini kwa mafundisho, kwa hiyo asiyetakiwa kukatwa anaweza kuingia na wenzake, na la govi likabaki baina ya mzazi, daktari na nyakanga mmoja. Upande wa mabinti, kufundwa ndani na kungwi mmoja anayeaminika si jambo geni kwetu. Ama kuhusu umri, mtoto wa miaka saba hawezi kuamua habari ya upasuaji, na ndiyo maana hakuna anayepaswa kumwamulia lisilorudishika. Lakini miaka saba inamtosha kujua anacheza na kina nani na anakimbilia kundi gani watoto wanapogawanywa, na mzazi aliyemtazama anajua pia. Akiwa hajajua, msimu mmoja au miwili ipite.

Ninalokuomba sasa ni kwa vile wewe una sauti ambayo mimi sina. Je, manyakanga wa Newala wangekubali kukaa na mkunga mmoja wa wilaya, kabla shule hazijafungwa mwezi Juni, wakakubaliana mzazi mwenye mtoto wa namna hii amwone nani kwa siri, na kungwi atakayeitoa siri hiyo uani achukuliwe hatua gani?