Naomba ushauri: nina baka ndani ya jicho na nahamia mkoani

Habari zenu wakuu, na shikamooni mnaostahili.

Nilienda kupima miwani tu hapa Dar. Daktari akaniwekea matone ya kutanua mboni, akaona doa la kijivu nyuma ya jicho la kushoto, chini ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga). Akasema ni nevasi, yaani baka kama haya ya kwenye ngozi, ila limeota ndani. Siumwi, naona vizuri, na kwenye kioo halionekani kabisa.

Nikapigwa picha ya retina na ultrasaundi. Unene haufiki milimita 2, hakuna maji chini ya retina wala rangi ya chungwa juu ya doa. Hivyo ndivyo vitu wanavyoviogopa, maana mara chache sana baka hugeuka melanoma, saratani ya jicho. Dawa sikupewa, kazi ni kulifuatilia tu: nirudi baada ya miezi 6, likiwa limetulia iwe kila mwaka.

Sasa nimehamishiwa kikazi mkoa wa Rukwa. Kituo nilichopigia simu kina daktari wa macho, kamera ya retina hakina. Picha zangu za mwanzo nimepewa kwenye flashi.

Je, daktari akiangalia kwa matone na taa peke yake inatosha, au nisafiri Mbeya au Dar nikapigwe picha za kulinganisha? Na wenye baka kama hili, mliambiwa dalili gani zisisubiri tarehe ya kliniki? Mimi nilitajiwa mwanga wa kumetameta na kuona ukungu.

Wa kunishauri niweke asali, hilo tuliache jamani.