Tupeane uzoefu: seva ya klaudi iliyogoma kuwaka baada ya kerneli mpya

Mzee wa Konsoli (Shangani, Mtwara)

Wakuu, msimu wa korosho unakaribia na wateja wameshaanza kutuambia "hakikisha mtambo hauzimi siku ya mnada". Tukusanye visa vya seva zilizogoma kuwaka baada ya kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) kusasishwa. Msije na "futa, sakinisha upya", hilo tunalijua sote.

Naanza. Mteja wa Masasi ana seva ya Ubuntu inayopokea uzito wa magunia kutoka maghalani. Masasisho ya kujiendesha (unattended-upgrades) yalikuwa yamewashwa, kerneli mpya zinaingia zenyewe usiku, ila seva haikuwa imewashwa upya muda mrefu. Mtego uko hapo: kerneli mpya haishiki kazi mpaka seva iwashwe upya, kwa hiyo ubovu ulioingia Juni unakuja kuonekana Oktoba, halafu analaumiwa aliyegusa seva jana.

Ikawashwa upya, ikanyamaza. ssh haijibu, ping haijibu. Konsoli ya mtoa huduma ndiyo ikasema: "Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Ukiona hiyo (0,0), mshukiwa wa kwanza ni initramfs (mfumo mdogo wa faili unaoisaidia kerneli kuifikia diski wakati wa kuwaka): haipo, au haijakamilika. Hapa /boot (zinapokaa kerneli na initramfs) ilikuwa kipande cha diski cha peke yake, kimejaa kerneli za zamani, na initramfs ya mwisho ilikosa nafasi.

Nilizima seva, nikachomoa diski, nikaipachika kwenye seva nyingine. Mount, kisha bind ya /dev, /proc na /sys, kisha chroot (kuingia kwenye mfumo wa diski hiyo kana kwamba ndio uliowaka). Kama /boot ni kipande cha peke yake, nayo iwekwe kabla ya chroot, la sivyo mtatengeneza initramfs safi kabisa mahali ambapo hakuna atakayeisoma. Kerneli za zamani ziondoeni kwa apt purge, si kwa rm. Halafu `update-initramfs -c -k` na namba ya kerneli, maana `-u` inasasisha iliyopo tu. Mwisho update-grub, ili GRUB (programu inayoipakia kerneli seva ikiwaka) ijue mabadiliko.

Diski ikirudi nyumbani, ipachikwe kwa jina lilelile la mwanzo la diski ya mfumo. Ukiipa jina la diski ya ziada, seva haiwaki na utadhani ukarabati umeshindikana.

Binti Mikindani

Yangu kerneli ilisingiziwa bure. Walisasisha, wakahamisha seva kwenye aina mpya ya mashine siku hiyohiyo. fstab (orodha ya diski za kupachika seva ikiwaka) ilikuwa inataja /dev/xvdf, na kwenye mashine mpya diski zinaitwa nvme. Systemd (inayoanzisha huduma za mfumo) ikasubiri sekunde 90, ikaangukia hali ya dharura. Nikafungua konsoli kwa furaha, nikakuta: "Cannot open access to console, the root account is locked". Picha (image, yaani violezo vya kuundia seva) nyingi za klaudi haziweki nywila ya root, kwa hiyo mlango wa dharura upo ila umefungwa. Ikabidi nichomoe diski kama Mzee. Sasa fstab zangu zote ni UUID (kitambulisho cha diski kisichofuata jina lake), na diski za data nazitia `nofail`, zikikosekana seva iendelee kuwaka.

Fundi wa Nachingwea

Nyongeza kwa wenye XFS (aina ya mfumo wa faili). Seva ya uokoaji ikitokana na picha ileile, UUID zinagongana na mount inakataa. Tumia `mount -o nouuid`. Na msiwashe upya seva ya uokoaji diski ya mgonjwa ikiwa bado imepachikwa, inaweza kubuti kutoka humo. Kwenye familia ya Red Hat, badala ya update-initramfs ni `dracut -f`.

Kilwa Masoko

Mnahangaika, si mchague kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB?

Mzee wa Konsoli

@Kilwa Masoko, menyu hiyo kwenye picha nyingi za klaudi muda wake ni sifuri, na si kila mtoa huduma anakupa konsoli ya kuandikia. Jipange kabla: weka `GRUB_DEFAULT=saved`, kerneli ya zamani iwe ndiyo ya kudumu, ongeza `panic=10` kwenye mstari wa kerneli, kisha `update-grub`. Hapo ndipo unaijaribu mpya kwa `grub-reboot`, ambayo inashika mara moja tu. Ikipaniki, inajiwasha baada ya sekunde kumi na kurudi kwenye ya zamani. Haikusaidii kwenye kisa cha Binti Mikindani, maana pale kerneli haikupaniki.

Aliyekutana na Secure Boot (ukaguzi wa sahihi wakati wa kuwaka) kukataa moduli za DKMS (zinazojengwa upya kwa kila kerneli mpya) aweke kisa chake hapa.