Sumu iliyolala kwenye barafu za milimani: nani alipie kuifuatilia?

Wadau, naleta hii mada maana kila ikitajwa kuna mtu anasema DDT (ile dawa ya kuua wadudu) ilishapigwa marufuku zamani, mkataba wa Stockholm wa mataifa kuzuia kemikali sumu za aina hiyo upo tangu 2001, kwa hiyo yameisha. Mi nasema hayajaisha.

Marufuku inapunguza sumu mpya, ile ya zamani ipo tu. DDT na PCB (kemikali sumu za viwandani, zilitumika kwenye transfoma) zikipata joto zinapanda hewani, upepo unazibeba mbali, zikikuta baridi zinashuka na theluji, na theluji ikirundikana miaka na miaka inakuwa barafu. Zimelala humo, sasa barafu inayeyuka.

Uswisi kuna bwawa linaitwa Oberaar, linapokea maji yanayotoka moja kwa moja kwenye barafu. Wanasayansi walizamisha bomba kwenye tope la chini wakalitoa limejaa, tabaka juu ya tabaka, unahesabu miaka humo. Miaka ya 60 na 70 sumu iko juu, ndo zilikuwa zinatumika sana, halafu inashuka, hapo marufuku inaonekana kabisa imefanya kazi, halafu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 90 inapanda tena! Matumizi yalishakatazwa, sasa imetoka wapi kama sio juu kule?

Najua mtasema ni kiasi kidogo, na hapo siwabishii. Utafiti wa 2008 kule Antaktika ulikadiria barafu ya magharibi inatoa DDT kilo 1 hadi 4 tu kwa mwaka. Lakini utafiti huohuo ulikuta DDT kwenye mafuta ya pengwini wa Adélie haijapungua kwa miaka mingi, manake hii kitu haikai kwenye maji, inakaa kwenye mafuta ya mwili, kidudu kinaliwa na samaki, samaki analiwa na ndege, kila hatua inazidi. Kwa hiyo mtu akikuletea kipimo cha glasi ya maji akakwambia pako salama, muulize samaki amepimwa? Tope je?

Na vipimo hivyo ni ghali, na wanaokunywa na kuvua huko chini sio waliotengeneza. Nakubali DDT iliyoko kwenye barafu haina jina la kiwanda, kumdai mtu mmoja ni ngumu, ndo maana nataka nchi zilizozitengeneza kwa wingi zichangie mfuko mmoja wa kupima. Ila kuna sehemu mwenye mzigo anajulikana. Greenland jeshi la Marekani lilianza kujenga kambi ya Camp Century ndani ya barafu mwaka 1959, likaihama 1967 likaacha dizeli, majitaka na PCB humohumo, kwa imani kwamba theluji itavifukia milele.

Anayepinga anijibu hili: hapo mwenyewe anajulikana, tunangoja nini kumdai, mpaka vianze kutoka na maji?