Naomba ushauri: tunapima gesi joto ya mtaa wetu Kayole, Nairobi, makaa yametushinda

Wadau hamjambo. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Kayole, tunataka kujua mtaa wetu unatoa gesi joto (zile zinazoongeza joto la dunia) kiasi gani ndio tujue pa kuanzia kupunguza, na tunataka wenyeji wenyewe watoe hesabu, si mtu wa ofisini kukisia tu.

Stima haina maneno, tokeni inaonyesha yuniti, na umeme wetu mwingi ni wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, so gesi joto yake ni kidogo. Gesi ya kupikia pia rahisi, unajua mtungi ni wa kilo 6 au 13, na kila kilo ikichomwa inatoa kama kilo 3 za kaboni dayoksaidi.

Sasa makaa. Watu wananunua kwa mkebe, na muuzaji mmoja anapanga vipande vikubwa mpaka unaona mapengo katikati, mwingine anajaza vichenga hadi juu, so tukiweka kwa mizani ya mama mboga kila mkebe unakuja na uzito wake. Ukiuliza mtu anamaliza mikebe mingapi kwa wiki anakwambia inategemea, na kusema ukweli inategemea, siku ya githeri si kama siku ya chai na mkate.

Naomba mnisaidie hapa: tupime mikebe ya wauzaji wangapi ndio wastani uaminike? Na taka zetu zinazoenda kuoza kwa jalala la Dandora zikitoa methani, ambayo pia ni gesi joto, tuziandike kwa hesabu yetu ama ni za Dandora? Hapo kikundi kimegawanyika kabisa.