Mrejesho: laini ya intaneti ya seva yetu ya gemu, Lubumbashi

Aksanti sana ndugu zangu. Niliuliza seva yetu ya gemu ya Minecraft (kompyuta ambayo wachezaji wote wanaingia) tuiunganishe kwa nani: kampuni inayouza megabiti nyingi kwa bei ya chini, au ile ya pili, ghali na yenye kasi ndogo.

Tumechukua ya pili. Yaya mmoja hapa (mkubwa wetu) alinihimiza nipige hesabu kwanza: wachezaji 30, kila mmoja akitumia kilobiti 100 kwa sekunde, ni megabiti 3 tu. Kwa hiyo kasi kubwa si hoja. Hoja ni njia ya data: ikiwa ndefu, gemu inachelewa kujibu. Mwanga ndani ya faiba (waya wa kioo unaobeba data) husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde. Kwenda Johannesburg na kurudi haipungui milisekunde 16, Frankfurt ni 70 na zaidi. Kampuni ya bei ya chini ilikuwa ikipitisha kila kitu Ulaya, hata mchezaji akiwa Kampemba, hapa hapa Lubumbashi! Hilo lilinikera kweli.

Tena haikutoa anwani ya IP (namba ya kutambulisha seva kwenye intaneti) ya peke yetu, na bila hiyo rafiki wa nje hafikii moja kwa moja porti 25565, yaani mlango wa kawaida wa seva ya Minecraft.

Sasa jioni, wakati wa msongamano, gemu haikwami. Kinachobaki ni umeme, tunatafuta betri.