Uhuru wa Tanganyika bila damu: Nyerere alikuwa na imani au alikuwa na hesabu?

Mleta mada

Wakuu, kila ikikaribia Oktoba 14 siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, lazima atokee mtu aseme alikuwa Gandhi wetu, yaani kama yule Mhindi aliyedai uhuru wa India bila vita. Naomba tulijadili bila jazba. Hoja yangu ni hii: Nyerere hakuikataa bunduki kwa imani. Alipiga hesabu, na hesabu ikatoka.

Twende mahakamani. Machi 1922, kule Ahmedabad, Gandhi alikiri kosa la uchochezi, kisha akamtaka jaji Mwingereza ampe adhabu kali kabisa au ajiuzulu. Akapigwa miaka 6. Sasa rudi Dar es Salaam, 1958. Nyerere ameshtakiwa kwa kuwakashifu mabwana shauri (wakuu wa wilaya wa kikoloni) wawili katika Sauti ya TANU, gazeti la chama chake kilichokuwa kikidai uhuru. Akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Kwa Gandhi, jela ndiyo ingekuwa jukwaa. Nyerere alilipa. Uchaguzi ulikuwa mlangoni, na gavana mpya, Turnbull, ndiyo kwanza ametua kutoka Kenya, alikoiona Mau Mau, vita vya Wakenya dhidi ya Mwingereza, kwa macho yake. Mwalimu hakutaka kumpa kisingizio.

Halafu mkutano wa TANU Tabora, Januari mwaka huohuo. Serikali ilileta uchaguzi wa kura tatu: mpiga kura lazima amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. Na ili uandikishwe uwe na elimu, kipato au wadhifa fulani. Ni matusi matupu. Wajumbe wengi walifika na neno moja mdomoni: tususe. Nyerere akawageuza, TANU ikaingia, na wagombea iliowaunga mkono wakazoa viti. Zuberi Mtemvu akaondoka na kuanzisha chama chake. Mtu wa imani angesusia kitu kichafu kama kile. Tunauita "uamuzi wa busara", na busara ndiyo hesabu yenyewe.

Mchangiaji wa kwanza

Naomba kutofautiana, mkuu. Umechagua mifano inayokufaa. Mbona umeruka Oktoba 1961? Uhuru umebaki miezi miwili, bunge linajadili muswada wa uraia, na wabunge wa TANU yenyewe wanataka uraia uwe wa Waafrika tu. Nyerere akasimama akawaambia wanaongea kama Hitler, na muswada ukikwama serikali yake inajiuzulu. Hapo angepata nini? Wahindi na Wazungu walikuwa wachache mno, na mitaani hoja ya "Afrika kwa Waafrika" ndiyo iliyopendwa. Kihesabu, angenyamaza.

Marehemu babu yangu alikuwa na kadi ya TANU, ameifungia kwenye kopo la majani ya chai pamoja na stakabadhi za kodi. Hilo la uraia ndilo jambo pekee alilomlaumu Mwalimu hadi anakufa. Kwa hiyo usiniambie lilikuwa la kujipendekeza kwa wananchi.

Mchangiaji wa pili

Wote mnamsifu mtu mmoja mno. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, si koloni kama Kenya. Wameru wa kwetu walifukuzwa kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja huo New York kuwasemea. TANU ilikuwa haijazaliwa! Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini njia ikajulikana, na Nyerere akaipita 1955. Kenya ilikuwa na walowezi wengi na haikuwa na mlango huo. Wangefanyaje?

Mchangiaji wa tatu

Na kambi za Kongwa na Nachingwea je? FRELIMO, chama kilichopigana na Mreno huko Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam 1962, wapiganaji wakafundishwa kwetu, sisi tukalipia. Gandhi gani huyo?

Mleta mada

Wa tatu umenisaidia bila kutaka. Azimio la Lusaka la 1969, tamko la nchi za Afrika Mashariki na Kati, lilisema wazi kwamba mazungumzo ni bora kuliko vita, lakini pale njia ya amani ilipozibwa, wanaopigana wataungwa mkono. Mreno hakuwa na Tabora, hakuleta hata kura tatu.

Wa pili, udhamini nakubali. Ila Rwanda nayo ilikuwa chini ya udhamini, na damu ilimwagika tangu Novemba 1959. Mlango ukiwa wazi bado anatakiwa mtu wa kuwazuia watu wasivunje madirisha.

Wa kwanza, kwenye muswada wa uraia umenibana, nimeshindwa. Pale hapakuwa na hesabu. Lakini nawe nieleze: mwaka mmoja tu baadaye, 1962, serikali hiyohiyo ilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Babu yako alisemaje kuhusu hiyo?